Nilivyonunua hedifoni kama ninavyonunua kitambaa

Wiki moja kabla ya Idi, saa nne usiku, nilikata waya wa hedifoni yangu kwa mkasi wangu mwenyewe. Nilikuwa nakata bitana ya gauni la mtoto. Waya niliokuwa nimeutupia begani uliteleza ukalala juu ya kitambaa, mweusi juu ya nyeusi, na mkasi wa mshonaji haubagui. Gitaa likakatika sikio la kushoto, kisha la kulia, nikabaki na mlio wa feni.

Kwanza nilitukana, Mungu anisamehe, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Halafu nikausogeza ule waya kwenye taa ya cherehani nione ndani kuna nini. Chini ya mpira kulikuwa na nyaya nyembamba kuliko unywele: fungu moja jekundu, fungu moja la kijani, mengine rangi ya shaba. Na katikati yake kulikuwa na uzi. Uzi kabisa, mweupe, wa nailoni, ndugu wa ule ninaoshonea zipu. Nikauvuta kwa kibano, nikaujaribu kwa jino kama ninavyofanya dukani. Haukukatika. Miaka kumi na saba nakula kwa uzi, na sikujua kwamba hata muziki unaoniingia masikioni umeshikiliwa na uzi.

Naandika haya kwa sababu mdogo wangu, kisha binamu yangu wa Urambo, kisha mteja wangu mmoja mwalimu, wote ndani ya mwezi mmoja wameniuliza swali lile lile: hedifoni gani ya waya, ya bei ya kawaida, inafaa kusikilizia muziki tu kila siku? Majibu ya sauti ya WhatsApp yamenikausha koo. Basi wayasome hapa.

Mimi si mtaalamu wa vyombo vya muziki. Ni mshonaji, nipo Isevya hapa Tabora, chumba kimoja chenye cherehani mbili: moja ya miguu niliyopewa na mama, moja ya umeme ninayoilipia mpaka leo. Ukuta wa nyuma tunachangia na madrasa, na hiyo madrasa ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo ya hedifoni. Zamani nilikuwa na spika ndogo juu ya rafu ya vitenge. Siku moja ustadhi alikuja mlangoni, mtu mpole sana, akaniambia, "Dada yangu, watoto wapo kwenye Yasini, na wewe huku unawapigia Segere Matata. Nimewakuta wawili wanatikisa vichwa, na si kwa sababu ya Yasini." Tulicheka wote wawili, lakini spika niliizima siku hiyo hiyo.

Nyimbo zenyewe ni za baba. Niziseme kidogo, maana huwezi kuchagua hedifoni bila kujua utaisikilizia nini. Baba alikuwa mtu wa reli, kama wazee wengi wa mji huu (Tabora ndipo reli inapogawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza), na alikuwa na kaseti za bendi za hapa hapa: Tabora Jazz wenye mtindo wao wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz. Shem Karenga wa Tabora Jazz alikuwa akimsema kama shemeji yake wa damu, ingawa Karenga alikuwa mtu wa Kigoma. Kaseti nyingine alinunua, nyingine alirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio, mlango umefungwa, sisi watoto tumeamriwa tusikohoe. Kaka alizihamisha zote kwenye memori kadi kabla utepe haujaoza, nyimbo mia mbili na ushei.

Sauti yake ni ya kaseti kweli kweli. Besi imezama, juu kuna vumbi, lakini magitaa yapo: moja linaongoza, la pili linajibu, la tatu linakata kama mkasi. Muziki wa namna hii uhai wake uko katikati, mahali pa sauti ya mtu na magitaa. Hedifoni inayopiga besi kama mtu anayebamiza mlango inakufunikia vyote hivyo. Bongo fleva na taarab nasikiliza pia, msinione mzee, ila mizani yangu ni magitaa ya baba.

Sasa, kwa nini ya waya, na dunia nzima imehamia blututhi? Kwanza chaji. Kazi yangu inaanza saa mbili asubuhi na kabla ya sikukuu inafika saa sita usiku. Umeme ukikatika nahamia cherehani ya miguu, kazi inaendelea. Sitaki kitu cha tatu cha kunidai chaji baada ya simu na taa. Sababu ya pili wengi hawaijui: redio ya FM iliyomo ndani ya simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Chomoa waya, simu inakwambia chomeka. Taarifa ya habari ya TBC Taifa naisikiliza kwa FM, haili bando hata shilingi, na mawimbi yakianza kukwaruza naunyoosha waya juu ya meza yanatulia. Hedifoni ya blututhi haiwezi kukufanyia hilo.

Kama simu yako haina lile tundu la duara (Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wakafuata), utahitaji kile kiunganishi kifupi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Kinafanya kazi, ila ni kitu kingine cha kupotea. Mimi simu yangu ya sasa niliinunua kwa kuangalia tundu kwanza, kamera baadaye. Muuzaji aliniona mshamba.

Na kwa nini ile ya kukaa juu ya sikio? Za kuchomeka ndani ya sikio nilizitumia mwaka mzima. Ushonaji una vumbi la pamba, linaingia kila mahali, na kile kipira kinalisukuma ndani kabisa. Halafu ukizivaa husikii hodi. Mteja wangu mmoja alisimama mlangoni mpaka akachoka, akaondoka na kitenge chake kwa fundi mwingine, na nilikuja kujua baada ya wiki mbili nilipomwona nacho harusini, kimeshonwa vibaya. Yale makubwa ya kufunika sikio lote nayo, mwezi wa kumi hapa Tabora kabla ya mvua, ni sawa na kuvaa kofia ya sufu masikioni. Ya kukaa juu ya sikio inaacha upenyo. Jasho lipo lakini linavumilika, na mtu akigonga namsikia.

Ubaya wake ni kubana. Gegedu la sikio linakandamizwa kati ya sponji na fuvu, na baada ya saa moja linaanza kulalamika. Mwenye miwani analalamika mapema zaidi. Mwenye hereni asiseme kitu. Mimi hereni nazivua nikianza kazi, naziweka kwenye kopo la bobini, na tayari nimeshashonea kitufe kimoja cha hereni ndani ya pindo la sketi ya mtu.

Wanawake wenzangu wa mtandio, ngoja niseme hili maana sijaona anayelisema. Ukiivaa juu ya mtandio wa pamba nyepesi, sauti inafifia kidogo tu, hasa matoazi. Juu ya satini au shifoni, hedifoni inateremka kila ukiinama kwenye sindano. Ndani ya mtandio inakaa vizuri, sauti safi, lakini mteja akiingia huwezi kuitoa bila kujivua nusu. Mimi navaa pamba, hedifoni juu, na pini moja ya mtandio nyuma ya utepe wa kichwani. Imetosha.

Hedifoni yangu ya kwanza niliinunua mjini kwa elfu kumi na mbili. Kwenye boksi kulikuwa na jina la kampuni kubwa, ila herufi moja imekosewa, nami sikuliona hilo mpaka nilipofika nyumbani. Nikachomeka, nikaweka bongo fleva. Ngoma ipo, kinanda kipo, mwimbaji hayupo. Si kwamba sauti yake ilikuwa ndogo. Hayupo, kama mtu aliyetoka kidogo kuswali, umebaki mwangwi wake tu kwa mbali. Nikaweka wimbo wa baba: karibu kimya kitupu. Nikarudi dukani. Kijana akaichomeka kwenye simu yake, akasikiliza, akasema bila kupepesa, "Mama, hii ina karaoke. Watu wanaitafuta sana hii."

Nilikaribia kumwamini.

Ukweli niliupata baadaye kwa fundi redio. Itazame pini yako. Ya hedifoni isiyo na maiki ina mistari miwili myeusi, inayogawa chuma sehemu tatu: ncha ni sikio la kushoto, katikati ni la kulia, shina ni njia ya umeme kurudi, ya pande zote mbili. Yenye maiki ina mistari mitatu, sehemu nne. Sasa zile sehemu mbili za mwisho, ya maiki na ya kurudia, zimewahi kupangwa kwa namna mbili. Mpango mmoja unaitwa CTIA, ndio wa simu nyingi za leo. Mwingine unaitwa OMTP, na umezigeuza. Pini ya mpango huu ikiingia kwenye simu ya mpango ule, njia ya kurudia inapotea. Umeme wa kushoto unalazimika kupitia kulia, na chochote kilicho sawasawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe. Mwimbaji huwa amewekwa katikati, yaani sawasawa kushoto na kulia, ndiyo maana anafutika. Nyimbo za baba ni mono, kushoto na kulia ni kitu kimoja mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo unafutika wimbo mzima. Karaoke hakuna.

Dawa ya kienyeji niligundua mwenyewe kabla ya kujua sababu: nikikibonyeza kile kitufe cha kupokelea simu, mwimbaji anarudi. Kitufe kinaziunganisha zile njia mbili. Basi nilikifunga kwa uzi wa kushonea vifungo vya makoti, mizunguko ishirini, fundo mara mbili, ndipo nikachomeka. Nilisikiliza hivyo wiki tatu. Kama huzungumzi na simu kwa hedifoni, tafuta yenye mistari miwili tu kwenye pini. Haina ugomvi na simu.

Ile ya karaoke ilikatika shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini, haikutimiza miezi miwili.

Ya pili nikaamua kuinunua kama ninavyonunua kitambaa. Asiyejua akiingia dukani hutazama maua. Fundi hukigeuza kitambaa atazame nyuma, huvuta pindo, hukifinya kwenye ngumi aone kinakunjika vipi. Nimechungulia makopo ya mafundi redio yaliyojaa maiti za hedifoni, na spika zake nyingi bado zinaimba. Zimekufa kwenye maungio: pale pale kwenye shingo la pini, pale waya unapoingia kwenye kikombe cha sikio, au pale utepe wa kichwani unapotelezea kurefuka na kufupika. Kwa pesa yetu hii ndogo, mishono ndiyo ya kukagua kwanza.

Pini nilitaka ile iliyopinda kama herufi L, kwa sababu simu yangu hukaa mfuko wa mbele wa aproni na pini iliyonyooka hupindwa kila nikiinama. Kile kipira kinachofuata pini nilikifinya: kiwe laini, kijikunje taratibu, kisiwe kigumu kiasi cha kuufanya waya uvunjikie mwisho wake. Halafu, muziki ukiwa unalia, nikaukunja waya hapo huku na huku. Ukisikia mkwaruzo au upande mmoja ukizimika, rudisha. Kijana wa duka hili la pili hakupenda.

"Shangazi, utaiharibu hiyo."

"Mwanangu, kama inaharibika kwa mkono wangu leo, ingeharibika kwa mkono huu huu kesho nikiwa nimeshakulipa."

Akanyamaza. Akaleta nyingine.

Utepe wa kichwani nilivuta mpaka mwisho nione kama ndani kuna bati la chuma au ni plastiki tupu. Vikombe nilitafuta vyenye skrubu, kwa kuwa vilivyobandikwa gundi fundi akivifungua amevivunja. Sponji nilizivuta nione kama zinatoka. Zikitoka, zitabadilishwa, zisipotoka, siku ngozi ya bandia itakapobanduka ndio mwisho wa safari. Waya niliupima kwa tepu yangu ya shingoni: mita moja na sentimita ishirini, kipimo utakachokikuta kwenye nyingi. Kinatosha kutoka mfukoni hadi kichwani. Wa mita tatu, kama wa hedifoni nyingi za studio, ungeingia kwenye gurudumu la cherehani siku ya kwanza. Ningependa pia waya unaoshuka upande mmoja tu wa kichwa, lakini hilo sikulipata. Wangu unagawanyika chini ya kidevu, unapita kifuani, na kifuani ndipo mkasi unapopita.

Maandishi ya kwenye boksi yasikupotezee muda. Ile "20 hadi 20,000 Hz" imeandikwa karibu kila mahali, hata kwenye boksi la karaoke, kwa sababu ndio mpaka wa kusikia wa sikio la binadamu. Kipenyo cha spika, milimita 30 au 40, hakikuambii uzuri, kama vile upana wa kitambaa usivyokuambia kama kitachuja. Namba niliyojifunza kuiangalia ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Simu ya kawaida haina nguvu nyingi, na hedifoni ya omu 16 hadi 32 huisukuma bila shida. Za omu 250, za watu wa studio, kwenye simu utazisikia kama redio ya jirani. Ila si sheria ngumu: Koss wa Marekani wana Porta Pro, ya waya, ya kukaa juu ya sikio, omu 60, na watu wanaisikilizia kwenye simu. Ilitoka mwaka 1984 na bado inatengenezwa, umbo karibu lile lile. Kampuni hiyo hiyo, kutoka Milwaukee, ndiyo iliyoleta hedifoni za stirio za kusikilizia muziki mwaka 1958. Haya nayataja kwa ajili ya mpwa wangu anayeniambia kwamba waya ni mambo ya kizamani. Ni ya kizamani, ndiyo. Na cherehani ya miguu ni ya kizamani. Juzi umeme ulipokatika, nani alimmalizia suruali yake ya shule?

Kuhusu sauti, nilikwenda na nyimbo zangu kwenye simu yangu. Muuzaji akikuwekea wimbo wake atakuwekea wa besi, na besi humdanganya mtu kwa nusu dakika ya kwanza, anadhani ameshika kitu kikubwa. Niliweka Tabora Jazz, nikawa nalifuata lile gitaa la tatu, la kukata. Swali langu lilikuwa moja: mwimbaji akiingia, nitalipoteza? Hedifoni ya kwanza niliyoijaribu hapo dukani ilikuwa na besi ya kubamiza, gitaa likazama kama jiwe kwenye bwawa la Igombe. Ya pili ilikuwa kali juu, kila "s" ya mwimbaji inachoma kama sindano. Ya tatu haikunishtua kwa lolote. Nilisikiliza wimbo, ukaisha, ukaingia mwingine, ndipo nikakumbuka kwamba niko dukani na kijana ananisubiri.

Mono ya baba ilinisaidia hapo pia. Kwa kuwa kushoto na kulia ni kitu kimoja, sauti ya mwimbaji inatakiwa isimame katikati kabisa ya kichwa, kati ya nyusi. Ikiegemea upande mmoja, huenda spika mbili hazilingani, na kama ni hivyo hazitakuja kulingana. Baada ya hapo nikaweka taarab ya stirio kuhakikisha kwamba L ni kushoto na R ni kulia kweli. Msicheke, nimewahi kukuta imegeuzwa.

Kijana wa duka alianza na elfu thelathini na tano, tukaishia ishirini na nane. Jina la kampuni siliandiki. Hawajanilipa, na duka la kwenu huenda lina nyingine yenye mishono mizuri zaidi.

Siku za mwanzo ilinibana mpaka kichwa kikauma. Niliivalisha kwenye boksi la nyuzi, pana kidogo kuliko kichwa changu, usiku tatu mfululizo. Ikalegea kiasi. Ukiizidisha itakuwa inakudondoka, kwa hiyo angalia kila asubuhi.

Baada ya miezi minane ngozi ya bandia ya kwenye sponji ikaanza kubanduka, kwa jasho na mafuta ya nywele. Vipande vyeusi vidogo vidogo vikawa vinaanguka, na siku moja vilianguka kwenye kanzu nyeupe ya bwana harusi, nikavitoa kimoja kimoja kwa selotepu huku mwenyewe yuko njiani anakuja. Jioni ile nilizitoa sponji nikazishonea mavazi. Mara ya kwanza nilitumia kitenge: mshono ulikuwa mzuri, lakini muziki ukawa kama unatoka chumba cha pili. Kitambaa kizito kinakula matoazi. Nikachukua fulana ya pamba iliyokwisha, nikachora mduara uliozidi sponji kwa sentimita mbili pande zote, nikapitisha lastiki nyembamba, nikavalisha. Besi ilipungua kidogo kwa sababu fulana inavujisha hewa, na kwangu hiyo ni faida. Nina jozi tatu, nazifua Ijumaa.

Nirudi kwenye mkasi. Asubuhi yake niliipeleka kwa mzee mmoja fundi redio, meza yake iko jirani na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekata wewe au panya?"

"Mkasi, mzee."

"Afadhali. Panya huondoka na kipande."

Akachuna mpira. Nyaya zile nyembamba zimepakwa rangi, na ile rangi ndiyo ngozi yake ya kuzuia umeme usirukie jirani: nyekundu sikio la kulia, kijani la kushoto, shaba njia ya kurudi. Ndiyo maana ukizisokota kwa mkono tu nyumbani hazilii. Lazima rangi iungue kwanza. Mzee akaweka tone la risasi kwenye ncha ya pasi, akaishikiza kwenye fungu jekundu mpaka kamoshi kakapanda na waya ukageuka rangi ya fedha. Kisha la kijani. Kisha ule uzi mweupe, akaushika kwa koleo aukate autupe.

"Mzee, subiri. Huo niachie mimi."

Nikaufunga uzi wa huku na uzi wa huku kwa fundo la mshonaji, nikauacha mfupi kidogo kuliko nyaya, ili waya ukivutwa, uzi ndio ubebe mzigo na risasi ipumzike. Yeye akaunga nyaya juu yake, akavisha ule mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto wa kiberiti. Akauvuta kwa nguvu. Akaivaa hedifoni, akaisikiliza, akaivuta tena.

"Hii umejifunza wapi?"

"Kwenye zipu."

Alisema elfu mbili, akapokea elfu na mia tano.

Jambo moja kuhusu sauti kubwa, maana wadogo zangu nawajua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa nne tu kwa wiki nzima. Mimi msimu wa sikukuu nakaa kwenye cherehani zaidi ya saa sabini. Cherehani ya umeme ina kelele, na ukiwa umevaa hedifoni mkono unakwenda wenyewe kuongeza sauti uishinde. Nikianza mishono mirefu ya umeme naishusha hedifoni shingoni. Na nikiivaa, kipimo changu ni hiki: lazima niisikie cherehani yangu chini ya muziki. Nisipoisikia, napunguza.

Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, nikahamia ya miguu. Nilikuwa nasikiliza moja ya zile kaseti alizorekodi baba redioni, wimbo wa taratibu, cherehani inasikika kwa chini kama kawaida, tak-tak-tak-tak. Uzi ukakatika, nikasimamisha mguu nitunge sindano. Cherehani ikaendelea.

Nikatazama gurudumu. Limesimama. Nikashika kanyagio kwa mkono. Kimya. Na masikioni tak-tak-tak-tak, nyuma ya magitaa, mpaka wimbo ukaisha. Miaka yote nilidhani ni mimi.

Jumapili nilimpelekea mama. Nikamvalisha juu ya kanga, nikamwekea wimbo ule ule, nikamtazama usoni. Alisikiliza macho ameyafumba, wimbo wote. Halafu akainua kikombe kimoja cha sikio.

"Mkanda wake ulikuwa umelegea," akasema. "Unasikia?"